Nyasi Alizopanga Bibi

Wiki iliyopita mtu mmoja alituma tangazo la chuo kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la watu wa kwetu tulioko mjini. Mhadhara wa wazi, Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi mkubwa, wote mnakaribishwa, na baada ya hapo chakula na tafrija. Mada ilikuwa kilimo cha ngoro, urithi wa Wamatengo. Katikati ya tangazo, imejaa nusu ya kioo cha simu, ilikuwapo picha ya Bibi yangu. Ameinama na jembe lake, kitenge kimefungwa kifuani, na nyuma yake mteremko mzima umepangwa miraba ya nyasi kavu. Chini pameandikwa: "Mama mkulima akifukia ngoro zilizopangwa na marehemu mumewe."

Nilirusha simu kitandani. Mume wangu akauliza kulikoni, nikamwambia akajipikie chai mwenyewe. Maskini, hakuwa na kosa. Lakini ilikuwa ama nimjibu hivyo ama nipasue kikombe, na vikombe vyenyewe vimebaki vitatu. Kwenye kundi watu walikuwa wanamimina mioyo na vidole gumba chini ya picha ile. "Hongera chuo chetu." "Bibi yetu huyo, tunajivunia." Nusu ya waliokuwa wanajivunia ni watoto wa watu waliokuwamo ukumbini mwa chuo picha ile ilipoonyeshwa mara ya kwanza, nikiwa mtoto, na wazazi wao wanajua kama ninavyojua mimi kwamba maneno yale ni ya uongo.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Mbuji au Mkumbi mnaijua kazi ile kwa miguu na migongo yenu. Wengine niwaeleze kwa kifupi. Kwetu milima imesimama wima, ukilima ovyo udongo wote unateremka mtoni. Kwa hiyo mvua zinapokaribia kuisha, nyasi hufyekwa, zikaachwa zikauke, kisha zikapangwa kwenye mteremko katika miraba, mraba kwa mraba, mpaka mlima unaonekana umefunikwa wavu. Halafu udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya zile nyasi. Katikati linabaki shimo la kushika maji, pembeni linabaki tuta la kupanda maharage. Kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya mwanaume. Kuchimba na kufukia ni kazi ya mwanamke. Ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Harufu ya nyasi zinazoozea chini ya udongo ndiyo harufu ya utoto wangu. Ina uchachu kidogo, kama pombe iliyoanza kuiva, na inakaa kwenye nguo hata ukifua. Nililelewa na Bibi, Bibi Skolastika, kwa sababu mama alikwenda kuolewa mbali, na mume wake mpya hakutaka mtoto wa mwingine. Babu alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alimwachia Bibi shamba la chini, lililokuwa la ukoo. Mteremko wa juu ulikuwa pori tupu, magugu yanakufika shingoni, na kila mtu kijijini alijua kwamba ni pori.

Bibi aliufungua peke yake. Alimwomba mdogo wake Babu, Babu Gaudensi, amfyekee, akasema mgongo unamsumbua. Akawaomba vijana, wakasema wanakwenda ziwani kutafuta samaki, mbasa wa kuuza. Basi akachukua nyengo ya marehemu, lile panga lililopinda la kufyekea, akafyeka. Nyasi zilipokauka akazipanga mwenyewe. Nilikuwa nambebea maji, nikamwona anavyoangalia mteremko kwa jicho moja, anasogeza fungu la nyasi kidogo kushoto, anarudi nyuma, anaangalia tena. Miraba yake ilinyooka kuliko ya mwanaume yeyote wa upande ule. Kila msimu aliongeza kipande, na kwa miaka minne mteremko wote wa juu ulikuwa shamba.

Watu walimcheka. Walisema mjane amevaa suruali ya marehemu. Shuleni msichana mmoja aitwaye Editha aliniuliza mbele ya darasa zima kama Bibi yangu ananyoa ndevu asubuhi au jioni, na darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akageukia ubao ili tusimwone anavyocheka. Nilikuwa na miaka kumi. Nilitamani Bibi awe kama bibi za wenzangu, afukie tu, alalamike magoti, asuke vikapu. Ile miraba iliyonyooka, ambayo leo ningelipa chochote niione, ilikuwa aibu yangu.

Ndipo akaja mtaalamu wa chuo. Chuo chenyewe cha Wakatoliki kilikuwa bado kigeni machoni petu, na watu wake tuliwaona kanisani tu, wanakaa mbele. Huyu alikuwa mtu wa mbali, hakujua Kimatengo, lakini alikuwa mpole, alimsalimia Bibi kwa kuinama. Wote walimwita Daktari, na mimi nikadhani amekuja kutazama mgongo wa Bibi. Badala yake akapima mashimo kwa utepe, akapiga picha, akauliza maswali. Bibi alisikia Kiswahili cha kanisani, cha sala na nyimbo, ila kukisema kulimpa tabu. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Siku nzima nilitafsiri vizuri, kina cha shimo, majina ya magugu, mwezi wa kupanda, na Daktari akawa ananisifu kwamba nina akili. Nilivimba kichwa.

Bibi alipoingia jikoni kutazama kahawa, Daktari akauliza, kalamu tayari juu ya daftari, "Na hizi za huku juu, miraba mizuri kiasi hiki, aliipanga nani?"

"Babu," nikasema.

Akaandika. Hakuuliza mara ya pili, wala hakumngoja mwenye shamba atoke jikoni na vikombe vyake. Mtu amesoma mpaka akaitwa Daktari, amefunga safari mpaka kwetu kutafuta ukweli, halafu ukweli wenyewe akauchukua kwa mtoto wa miaka kumi kwa sababu ulifanana na kitu alichokijua tayari. Nimejilaumu sana mimi, na bado najilaumu. Lakini na yeye simwachii.

Miezi ikapita. Siku moja tukaona tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na juu yake Bibi, picha ileile. Katika maisha yangu nilikuwa nimeona sura za watu kwenye karatasi za aina mbili tu. Wagombea wakati wa uchaguzi, na Askofu alipokuja kutoa kipaimara. Wote hao, sura ikibandikwa, mwenyewe alikuja akasimama akahutubia. Kwa hiyo nilikimbia nyumbani nikamwambia Bibi kwamba amechaguliwa kuhutubia chuoni. Maandishi ya chini sikuyamaliza, yalikuwa madogo na mimi nilikuwa na haraka ya kuwa wa kwanza kusema.

Bibi aliweka jembe chini. Kisha akauliza kama Padri atakuwepo. Nikasema ndiyo. Na mtendaji wa kata? Nikasema wote watakuwepo. "Basi vizuri," akasema.

Sikujua kwa nini ni vizuri. Sasa najua. Babu Gaudensi alikuwa ameshaanza kupitapita akisema kwamba mteremko wa juu ulifunguliwa na kaka yake, kwa hiyo ni mali ya ukoo, na mjane ameachiwa alime tu kwa huruma. Bibi hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na kazi ya mikono yake na macho ya watu walioiona. Aliona hapo pamepatikana mahali pa kulisema jambo lake mara moja, hadharani, mbele ya Padri na serikali, na likaisha. Wiki mbili nzima nilimsikia akijisemea huku anapalilia, anarudia rudia, anabadilisha neno hili na lile. Nilidhani anasali.

Gari la chuo lilikuja kutuchukua. Bibi alivaa kitenge kipya na kilemba cheupe cha wanawake wa jumuiya, na mimi nikavaa gauni lililokuwa limewekwa kwa ajili ya Komunyo yangu ya kwanza, ambayo ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Ukumbi ulinukia rangi mpya na karafuu za pilau kutoka nyuma. Tulikalishwa safu ya mbele. Kando yetu alikaa katekista wetu, mzee Otmari, aliyekuwa ananifundisha Amri za Mungu kila Alhamisi. Nyuma yake mtendaji, nyuma zaidi Babu Gaudensi katika koti la suti, na ukutani wamepangwa watoto wa kwaya ya shule yetu, Editha akiwa katikati.

Daktari alizungumza kwa saa nzima. Alizungumza vizuri, sitasema uongo juu ya hilo. Picha ya mteremko wa juu ikatokea kwenye kitambaa cheupe, kubwa kuliko nyumba yetu, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. "Tazameni ufundi huu," akasema. "Hizi zilipangwa na marehemu mume wa mama huyu aliyeko hapa. Yeye ametangulia, lakini kazi yake inaendelea kulisha familia." Watu wakapiga makofi. Nilimsikia Bibi akipumua kwa pua, kwa nguvu, kama anavyofanya akibeba mzigo wa kuni.

Mshereheshaji, kijana mchangamfu wa kutoka Ngumbo kule ziwani, akaomba Bibi asimame watu wamwone. Alitaka asimame tu, apungiwe, akae. Bibi alisimama na kushika kipaza sauti. Akanyoosha mgongo, akaanza kusema kwa Kimatengo, taratibu, neno baada ya neno, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Alisema: "Mimi ni Skolastika. Mume wangu alikufa kabla jembe halijagusa mteremko ule. Nyasi zile nilifyeka mimi, nilipanga mimi, nilifukia mimi. Aliyezipanga hakufa. Ndiye huyu mnayemwona."

Mshereheshaji hakuambulia kitu, Kimatengo si lugha ya kwao. Akacheka kidogo, akanisogezea kipaza sauti mdomoni. "Haya, mjukuu, tusaidie. Bibi anasemaje?"

Daktari ananitazama, anatabasamu, ananitambua, yule mtoto mwenye akili. Editha ananitazama, mdomo umeshakaa tayari kwa kicheko. Na Padri amekaa pale, ambaye mwezi ujao angeniwekea Yesu ulimini, na mimi nikisema kweli atajua kwamba nilimdanganya mgeni. Hayo ndiyo niliyoyaona. Shamba sikuliona. Bibi alinishika bega, akaninong'oneza kwa Kimatengo, "Waambie."

"Bibi anasema anawashukuru sana," nikasema.

Makofi yalipigwa mpaka mabati yakalia. Vigelegele vikafuata. Bibi alisimama katikati ya makofi yale na kipaza sauti kimeshaondolewa mkononi mwake, anageuza kichwa huku na huku, anatafuta mtu.

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa, na nataka isomeke vizuri. Nusu ya ukumbi ule walikuwa Wamatengo. Katekista alimsikia. Mtendaji, ambaye mama yake mzazi ni wa Mkumbi, alimsikia. Akina mama waliokuwa wanapakua pilau mlangoni walimsikia, na mmoja wao niliona kabisa mwiko umesimama hewani. Wanafunzi wa chuo, watoto wa milima ile ile, walimsikia. Wote walisikia alichosema Bibi, kisha wakasikia nilichosema mimi, na wote wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na miaka kumi, niliogopa Editha. Wao waliogopa nini? Kumwaibisha mgeni? Kuchelewesha chakula?

Maana chakula kilifuata, na kilikuwa kingi. Mbasa wa kukaanga walioletwa asubuhi ile kutoka ziwani, pilau, soda, kahawa yetu wenyewe imetiwa kwenye chupa za wageni. Kikundi cha akina mama wa mwambao kikacheza kioda, mashati meupe, sketi nyeupe, wanateleza kwa hatua ndogondogo wote kwa pamoja. Babu Gaudensi alipeana mikono na Daktari, akampigapiga mgongoni, akaomba nakala ya kijitabu cha mhadhara. Katekista akaniletea soda, akasema, "Umetafsiri vizuri, mwanangu." Mpaka leo sijui alikuwa ananidhihaki au ananipoza. Niliinywa ile soda yote. Bibi hakula. Alikaa na sahani magotini hadi gari likawa tayari, kisha akamkabidhi sahani yake mtoto wa mtu.

Baraza la kijiji lilikaa kabla mahindi hayajavunwa. Bibi hakunichukua. Nilitoka shule nikaenda mwenyewe, nikachungulia dirishani. Babu Gaudensi alikuwa amesimama, kijitabu kimefunguliwa kwenye picha. "Haya si maneno yangu," alikuwa anasema. "Wasomi wameandika. Ngoro zile alipanga kaka."

Bibi akasema alizipanga yeye, na wote waliomo mle wanajua. Akamgeukia katekista, aliyekuwa mjumbe. "Otmari, wewe ulikuwa unapita pale kila siku kwenda kanisani. Ulikuwa unanisalimia nikiwa na nyengo mkononi. Sema."

Katekista akatazama viatu vyake. "Mama Skola," akasema, "jambo likishaandikwa na chuo, sisi ni nani? Na mjukuu wako mwenyewe ndiye aliyesema pale, mbele za watu. Au tumwite aje aseme hapa?"

Bibi aliinua macho akaniona dirishani. Tuliangaliana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, naapa, nilikuwa tayari.

"Mtoto mwacheni," akasema.

Mteremko wa juu wakapewa ukoo, yaani Babu Gaudensi. Yeye hakujishughulisha na ngoro, alipanda mikaratusi. Mwezi ule ule nilipokea Komunyo. Kwenye maungamo nilimwambia Padri kwamba niliiba sukari.

Bibi hakunigusia jambo lile hata siku moja. Hakunichapa, hakuninunia, chakula alinipa kama zamani. Lakini hakuniomba tena nimtafsirie. Kabla ya hapo tulikwenda pamoja kila mahali, zahanati, dukani, ofisi ya kata, mimi nikiwa mdomo wake. Sasa akawa anakwenda peke yake na kile Kiswahili chake cha nyimbo za kanisani. Nilimfuata mara moja mpaka dirisha la dawa, nikamsikia: "Mimi naomba dawa, mgongo yangu ninauma." Wauguzi wakacheka. Nikasogea nimsaidie, akanizuia kwa mkono bila kugeuka. "Mgongo yangu," akarudia, kwa sauti zaidi, "ninauma." Aliendelea hivyo mpaka tulipomzika, na sijui kama siku ile barazani alinihurumia au alikuwa ameshanikatia tamaa.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Songea. Ukumbi umepakwa rangi nyingine, Daktari alishastaafu akarudi kwao, na aliyezungumza alikuwa dada mmoja mdogo, msomi, anasoma kutoka kwenye kompyuta yake. Picha ikatokea. Maneno yale yale. Mzee Otmari alikuwa safu ya mbele na fimbo yake, na wana wa Babu Gaudensi walikuwa wamekaa karibu na mlango wa chakula.

Muda wa maswali ulipofika nikanyoosha mkono, nikaletewa kipaza sauti. Nilisimama nikasema kwa Kimatengo, taratibu, neno baada ya neno. Nimeyabeba maneno yale miaka yote hii, hayajapungua hata moja.

Mshereheshaji akatazama huku na huku. "Samahani, ndugu zangu, kuna mtu anaweza kututafsiria?"

Nikangoja. Nilitaka wapate nafasi yao, kama niliyopata mimi. Mzee Otmari alikuwa anatazama viatu. Kule mlangoni mtu alikohoa.

"Yupo," nikasema. "Ni mimi. Bibi yangu anasema hivi: Mume wangu alikufa kabla jembe halijagusa mteremko ule. Nyasi zile nilifyeka mimi, nilipanga mimi, nilifukia mimi. Na mwaka ule Bibi hakusema asante. Mtafsiri alidanganya, na nyinyi mlisikia."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.